Dhambi ya Kuazima

Mama Pindo alikuwa fundi wa cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo alilolishona yeye halikuonekana lilipoanzia wala lilipoishia. Ungeweza kuligeuza gauni nje ndani, ukasogea nalo dirishani, usione hata tundu moja la sindano. Maisha yake nayo aliyashona vivyo hivyo. Aliolewa kanisani akiwa na miaka ishirini na miwili. Hakuonja pombe, hakugombana na mtu barabarani, na kwa miaka ishirini na saba alikaa benchi la pili kutoka mbele, upande wa kushoto, mahali ambapo hata wageni walionywa, "Hapo pana mwenyewe."

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, unadhani anasumbuliwa na nini? Si ulevi, si wizi, si wanaume. Anasumbuliwa na kijiba cha roho. Alikuwa nacho, kimekaa hapa chini ya koo, na kilikuwa na jina la mtu mmoja tu: wifi yake.

Wifi alikuwa mdogo wa mumewe, binti pekee wa mama mkwe. Aliondoka nyumbani miaka kumi na miwili iliyopita na sanduku moja, akapotea. Zilikuja habari kwamba anakunywa, kisha kwamba ameachwa, kisha kwamba anakunywa tena, kisha habari zikakoma. Mwaka jana akarudi amekonda, mikono inamtetemeka, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji akaungama mbele ya kanisa zima. Tangu siku hiyo hakushika chupa. Mikono ikatulia, akapewa kigoda katika chumba cha kazi cha Mama Pindo, ashone vifungo na kutoboa matundu yake. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Maana Wifi alikuwa na ushuhuda, na ushuhuda wenyewe ulikuwa mtamu. Wateja waliokuja kupimwa kiuno walikaa saa nzima wakisikiliza jinsi alivyolala kwenye veranda ya duka na jinsi alivyouza viatu alivyovaa. Walilia, wakacheka, wakamshika mkono. Kisha walitoka bila hata kuuliza nguo yao itakuwa tayari lini. Kanisani, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mchungaji alimwita mbele, na watu walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Mama Pindo alipiga pia, vidole viwili vitatu, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

"Na mimi niliyekaa hapa miaka ishirini na saba," alimwambia mumewe, "nani amenipigia makofi? Nimekosa nini, nisipigiwe makofi?"

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Aliitoa misumari akasema, "Hujakosa kitu. Ndiyo maana."

Hilo jibu lilimchoma kuliko angepigwa kofi lenyewe.

Lakini makofi yalikuwa nusu tu ya maumivu. Nusu nyingine ilikuwa mama mkwe. Bibi huyo aliishi nao, chumba cha nyuma, akitembea na fimbo na macho makali kama ya mtu wa miaka thelathini. Mama Pindo ndiye aliyempikia, aliyemfulia, aliyemkata kucha za miguu alipoishiwa nguvu za kuinama. Na kwa miaka yote hiyo mama mkwe alimwita "mke wa mwanangu". Siku akifurahi sana, alimwita "fundi". Wifi aliporudi kutoka alikotoka, hata uso hajanawa, bibi alimwita "mwanangu" mara tatu kabla hajavuka kizingiti. Na asubuhi kwa jioni ikawa ni hiyo: mwanangu kunywa chai, mwanangu umelala vizuri, mwanangu usijichome na sindano. Mama Pindo alikuwa anahesabu. Siku moja alifika kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana, akaacha kwa sababu alishona mkono wa koti mahali pa mkono mwingine.

Nami nisiseme uongo, damu ni nzito kuliko maji, kila mtu analijua hilo. Lakini kulijua jambo na kulimeza si kitu kimoja.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo Wifi hakuligusa katika ushuhuda wake. Aliungama pombe, aliungama uongo, aliungama mume wa mtu. Alipofika mwanzo kabisa, pale alipoondoka nyumbani, alisema tu, "Kukatokea jambo, nikaondoka," na kupita haraka. Watu hawakuligundua hilo. Mama Pindo aligundua, maana fundi anauona mshono ulioruka hata kama nguo iko mwilini mwa mtu na mtu yuko ng'ambo ya barabara.

Jambo lenyewe lilikuwa gauni. Mama mkwe na mzee wake walikuwa watimize miaka arobaini ya ndoa, na bibi alitaka aende kwenye ibada ya shukrani na gauni lake la harusi, satini nyeupe yenye lesi shingoni. Mama Pindo ndiye aliyepewa kazi ya kulipanua kiuno. Jumamosi moja mchana alitoka kwenda kununua uzi wa rangi inayolingana, na aliporudi akalikuta gauni juu ya meza ya kukatia, na mgongoni pana alama ya pasi, ya kahawia, imeungua hadi bitana ya ndani. Ndani ya nyumba alikuwemo Wifi peke yake. Wifi akaapa hakuligusa. Mama mkwe hakuuliza mara ya pili. Alilikunja gauni, hata Mama Pindo hakupata nafasi ya kulitazama vizuri, akalifungia sandukuni, kisha akamwambia binti yake, "Mikono yako haijawahi kushika kitu kikabaki kizima." Wiki ile Wifi akaondoka. Mwaka uliofuata mzee akafa. Gauni halikuvaliwa.

Basi ikafika Jumapili moja ya kwanza ya mwezi. Wifi alikuwa amesimama mbele, amevaa blauzi ambayo Mama Pindo mwenyewe aliikata na kuishona, na hakuna aliyeisifu blauzi. Kanisa lilikuwa linalia. Mama mkwe, benchi la mbele, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga, akisema kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu, mwanangu." Mchungaji akainua mkono, akauliza, "Je, yupo mwingine mwenye mzigo anaotaka kuutua leo?"

Mama Pindo alisimama. Ukimuuliza leo, atakuambia kwamba ni magoti yaliyosimama, yeye alifuata tu.

Alipokuwa akitembea kwenda mbele ndipo alipoanza kutafuta dhambi. Hatua kumi na mbili, na hana hata moja ya maana. Alifikiria kusengenya, lakini nani hasengenyi? Alifikiria ile tabia ya kumwambia mteja "njoo kesho" wakati kitambaa hakijaguswa hata na chaki. Hiyo kama ni dhambi, basi mafundi wote wa dunia hii wamekwisha. Alifika mbele mikono mitupu. Akageuka, akaona nyuso zimemwelekea, macho yametoka, na ile kiu ya kutaka kusikia. Na dhambi pekee iliyokuwa karibu, yenye machozi na yenye watu ndani yake, ilikuwa ile ambayo haikuwa yake.

"Ni gauni la mama," akasema. "Niliunguza mimi. Nikanyamaza. Wifi yangu akabeba lawama, akaondoka nyumbani, na yote mliyoyasikia yakampata kwa sababu yangu."

Ee, kanisa lilivyolipuka! Akina mama walishika vichwa, wanakwaya walisimama, mchungaji akamwekea mkono begani akasema hajapata kuona ujasiri wa namna ile. Makofi yakaja. Yalikuwa yake, yote, na yalimwingia mwilini kama maji ya baridi mchana wa jua. Wifi akaja akamkumbatia, akamshika kwa nguvu mno, mwili unamtetemeka kama siku aliyorudi. Mama Pindo akajisemea moyoni, tazama, hata hapa anataka aonekane yeye.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Mama mkwe alikuwa amekaa na fimbo yake katikati ya magoti, anamtazama.

Nyumbani mchana ule, Mama Pindo alipomwekea bibi sahani, bibi aliirudisha kwa kidole, taratibu, mpaka ikafika ukingoni mwa meza.

"Miaka kumi na miwili, mke wa mwanangu," akasema. "Nilimfukuza mtoto wangu kwa ulimi wangu. Mzee akafa anamuulizia. Na wewe ulikuwa unanipakulia chakula."

Hakula. Jioni Wifi ndiye aliyempelekea uji, na uji wa Wifi ukaliwa.

Mumewe naye alimfuata jikoni, amekunja uso. "Mbona siku ile mimi ndiye niliyekupeleka dukani kwa baiskeli? Gauni uliliunguzaje, kwa mawazo?"

"Nyamaza," akasema Mama Pindo.

"Umesimama mbele ya Mungu ukasema..."

"Nimesema nyamaza. Ukisema neno nitakuwa mwongo mbele ya kanisa zima."

"Kwani sasa hivi u nani?" akauliza seremala. Hakungoja jibu. Alisema, "Mimi simo," akarudi kwenye mbao zake, na alipiga randa mpaka jua likazama.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Wateja waliokuja walimshika Mama Pindo mkono na kumwita shujaa wa imani, na kila aliyemwita hivyo, sauti ilipita ukutani ikafika chumba cha nyuma kulikokuwa na bibi aliyegeuza uso. Hebu fikiria ujinga huo. Mtu ametaka apendwe, akanunua upendo wa watu wa barabarani, akaulipia kwa kile kidogo alichokuwa nacho nyumbani. Na Wifi, pale kwenye kigoda, alikuwa ametulia tuli. Alitoboa matundu ya vifungo, akayarudia, akayafumua, mashati matatu kwa siku tatu. Mama Pindo alimtazama kwa pembe ya jicho, na wivu haukupungua hata punje. Uliongezeka. Sasa yule ndiye aliyeonewa, ndiye mtakatifu, na mama yake anamlisha kama kifaranga. Nimemvika taji kwa mikono yangu, aliwaza Mama Pindo, na taji lenyewe si haki yake, maana anajua na mimi najua ni nani aliyeunguza.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, fimbo ikasikika ukumbini. Mama mkwe aliingia chumba cha kazi, kwapani amebana kifurushi cha shuka. Alisukuma mkasi na chaki pembeni, akafungua shuka juu ya meza ya kukatia. Gauni lilikuwa limekuwa la manjano kama jino la mzee. Alama ilikuwa palepale mgongoni.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini, mama?"

"Nionyeshe ulivyofanya. Nimekaa siku tatu nataka kukusamehe na siwezi, kwa sababu siioni. Nikifumba macho nakuona wewe na hiyo pasi, na sikuoni ukiunguza kitu. Miaka ishirini na saba hujaunguza hata leso. Chukua pasi."

Pasi ya kazi ilikuwa ileile ya miaka yote, nzito, pana, ya chuma, imebadilishwa waya mara tatu lakini bamba lake halijabadilika. Mama Pindo aliinyanyua ikiwa baridi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Mama Pindo haikupita urefu wa meza. Aliiweka juu ya alama.

Alama ikapotea. Pasi iliifunika yote, na kila upande bamba likazidi kwa upana wa vidole viwili.

Bibi aliinama, akaitazama pasi, akaiinua mwenyewe kwa mikono miwili, akaiweka tena, labda imekosewa. Haikuwa imekosewa. Kisha akaingiza mkono ndani ya khanga akatoa pasi nyingine, ndogo, ya kushikwa kwa vidole vitatu, ile ambayo mzee wake alimnunulia ya kunyooshea kola, na ambayo haikupata kutoka chumbani mwake. Kumbe alikuwa amekuja nayo. Akaiweka juu ya alama, ikakaa kama mguu kwenye kiatu chake.

"Mke wa mwanangu," akasema, "chumbani kwangu hukuwa unaingia siku zile."

Nyuma yao shati lilianguka sakafuni. Wifi alikuwa amepiga magoti kando ya kigoda, vifungo vinabingirika chini ya cherehani.

"Ni mimi, mama. Nilikuambia sikuligusa, na nililigusa. Nililivaa chumbani kwako nijitazame kwenye kioo. Likajikunja mgongoni, nikataka kulinyoosha kabla wifi hajarudi. Likaungua. Nikaogopa, nikalirudisha mezani."

"Kwa nini hukusema?" akauliza mama yake. "Umeungama pombe mbele ya watu mia, ukashindwa kuungama gauni mbele ya mmoja?"

Wifi alilia kwanza, kisha akasema. "Pombe haikukuumiza wewe moja kwa moja. Na kulikuwa na jingine. Nilikuwa namwonea wivu." Akamwelekea Mama Pindo. "Wewe, wifi. Kila siku ilikuwa tazama mikono ya mke wa kaka yako, tazama pindo la mke wa kaka yako. Gauni la mama yangu, akapewa mtu wa kuja alishike, mimi nikaambiwa nisisogee. Nikasema nitalinyoosha vizuri, mama akute limenyooka, aseme mara moja tu kwamba na mimi nina mikono."

Mama Pindo alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mikono yake! Miaka yote hiyo kumbe kulikuwa na mtu wa kuionea wivu mikono yake, na yeye hakuambiwa.

"Na Jumapili," Wifi akaendelea, "wifi alijua. Siku zote alijua ni mimi, maana kama si yeye, ni mimi tu. Akaona siwezi kulitaja, akasimama akalichukua likawa lake. Amebeba kosa langu, mama, mbele ya kanisa, na siku tatu hizi umemnyima hata neno, na mimi nimekaa hapa nikimwangalia anavyoumia, ulimi umekufa. Jumapili nitasimama. Nitawaambia yeye ni nani."

Mama mkwe aliiacha fimbo ikaanguka. Alizunguka meza akishikilia ukingo wake, akafika, akamshika Mama Pindo uso kwa viganja viwili vyenye baridi ya chuma.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, nisamehe."

Hilo hapo. Miaka ishirini na saba alilisubiri, na limekuja na machozi ndani yake. Na Jumapili yangekuja makofi yatakayovunja dari, kwa ajili ya mwanamke aliyebeba dhambi ya mwenzake. Hakuhitaji kusema uongo tena hata mmoja. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza, mbona, kila fundi anakuweza: mdomo umejaa pini, nani atakuuliza?

Alijaribu kunyamaza. Nakuambia ukweli, alijaribu kwa moyo wote, karibu muda wa kuvuta pumzi tano. Lakini Wifi alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama kutoka chini kwa shukrani, na macho yale hayakuvumilika. Angeweza kuivumilia chuki ya mtu yule. Shukrani yake ilimshinda.

"Mama, ondoa mikono," akasema. "Sikumbebea chochote. Wifi, inuka. Sikukuhurumia hata kidogo."

Wakamtazama wote wawili.

"Nilisimama kwa sababu mlikuwa mnampigia makofi yeye. Sikuwa na dhambi ya kusema, nikachukua ya kwake, kama mtu anayeazima gauni la kwenda nalo harusini. Nilitaka nitazamwe. Nilitaka mama uniite ulivyoniita sasa hivi. Namwonea wivu tangu siku aliyovuka mlango ule. Uji unaompa namwonea. Hata alipokuwa amekonda vile nilimwonea, kwamba amekonda na anahurumiwa, na mimi ni mnene na mzima hakuna anayeniuliza. Na nikuambie la mwisho. Alipopotea, kuna siku nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa nimebaki mimi peke yangu."

Hilo la mwisho hata yeye hakujua kwamba lilikuwemo. Lilitoka likakaa mezani pamoja na gauni.

Mama mkwe alirudisha mikono yake kifuani. Alitazama upande mmoja, akatazama upande wa pili. Kisha akalikunja gauni ndani ya shuka, Wifi akamwokotea fimbo, naye bibi akatoka. Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa, na mpaka Jumapili Mama Pindo hakuitwa mwanangu, wala mke wa mwanangu, wala fundi. Chakula alichopika kililiwa kimya kimya.

Ijumaa alikwenda kwa mchungaji, akamkuta nyuma ya kanisa anaunga mguu wa benchi. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mchungaji aliweka nyundo chini, akakaa kwenye benchi lilelile bovu, akafikiri.

"Kwa hiyo kwenye ghala lako dhambi zimejaa," akasema, "na wewe ukaenda kuazima kwa jirani."

"Ndiyo, mchungaji."

"Mimi nilikuwekea mkono begani nikakutangazia msamaha, mama. Sasa nikuambie, Mungu hasamehe dhambi ya kuazima. Atasamehe nini, na mwenyewe si wewe? Husamehe ile yako. Hii uliyoileta leo anaijua, na ameisamehe pale ulipoitaja mbele ya wale wawili."

"Mbona sijasikia makofi?" akauliza Mama Pindo, nusu mzaha.

"Na Jumapili hutayasikia. Kanisa ulilidanganya, utaliambia. Ila nakuonya mapema, watanuna. Watu hupenda dhambi kubwa iliyo mbali. Hii yako kila mmoja anayo nyumbani."

Ikawa hivyo. Jumapili Wifi alitangulia kusimama, akaungama gauni lake kwa maneno machache, akakaa. Mama Pindo akafuata. Alisema, "Wiki iliyopita niliwadanganya. Sikuunguza gauni lile. Nilisema hivyo kwa wivu, kwa sababu nilitaka na mimi nipendwe. Namwomba Mungu anisamehe, na nyinyi, na wifi yangu, na mama." Mtu akakohoa. Wale waliomwita shujaa wa imani walikuwa wanatazama viatu vyao. Mchungaji akamwombea kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, "Umesamehewa, mama. Nenda ukakae."

Hatua kumi na mbili kurudi. Alikaa benchi la pili, upande wa kushoto, peke yake, maana majirani zake walikuwa wamesogea kidogo. Ajabu ni kwamba hakuumia alivyotegemea. Kifua kilikuwa chepesi, na hata alipata nafasi ya kuona kwamba pindo la kitambaa cha madhabahu limefumuka na linahitaji mkono wa mtu.

Ndipo aliposikia fimbo. Mama mkwe alikuwa ameinuka kutoka benchi la mbele, katikati ya wimbo, anageuka nyuma hatua kwa hatua, Wifi anamshika kiwiko.

"Sogea, mwanangu," akasema bibi.

Mama Pindo hakusogea. "Bado unaniita hivyo, mama? Na yale niliyosema?"

"Neno nililitoa Jumatano. Unadhani neno ni kitambaa, nikirudishe dukani kwa kuwa kimepungua mita?" Akajishusha kwenye benchi, akipumua. "Nilikaa siku zote hizi nikijihesabu na mimi. Ulimi wangu ndio ulioanza. Sogea, nasema, wifi yako naye anataka kukaa."

Wakakaa watatu, bibi katikati. Wimbo ukaendelea. Wifi akainamisha kichwa begani mwa mama yake, na bibi akamshika mkono, akaulaza pajani mwake, akaupapasa kwa kidole gumba.

Mama Pindo aliuona ule mkono. Na chini ya koo, palepale pa siku zote, kile kitu kikaamka kikajinyoosha, kana kwamba hakuna kilichotokea, kana kwamba hajasamehewa dakika kumi zilizopita. Alikimeza. Kikapanda tena. Basi akainama sikioni mwa bibi.

"Mama," akanong'ona, "wivu umenishika tena."

"Wa nini?"

"Umemshika mkono yeye."

Mama mkwe hakugeuza uso kutoka kwa mchungaji. Aliiweka fimbo yake chini, akampa mkono wa pili.